Njia ya Vyoo Vitano

Wanafunzi watatu walifeli mtihani wa udereva ndani ya mwezi mmoja, na wote watatu walifelia mahali pamoja: kituo cha mafuta cha njia panda. Usidhani waligonga mtu. Hawakugonga hata pipa. Walikuwa wakiendesha vizuri tu, vioo wanatazama, gia zinaingia bila kelele, kisha ghafla, bila kuambiwa na mtu yeyote, wakawasha indiketa, wakaingia kituoni, wakaegesha kinyumenyume pembeni ya pipa la takataka, wakavuta breki ya mkono na kuzima gari. Wa kwanza, mtahini alidhani kashikwa na kizunguzungu. Wa pili, alidhani anataka mafuta. Wa tatu alipofanya yaleyale, mtahini hakudhani tena. Alimpigia simu mwenye chuo.

Mwenye chuo alipenda kuitwa Mkurugenzi, na watu walimwita hivyo kwa kuwa haikuwagharimu kitu. Chuo chenyewe kilikuwa na magari mawili, walimu wawili, na ofisi moja yenye feni isiyozunguka. Mmoja wa walimu hao ndiye mwenye kisa hiki. Kafundisha udereva miaka ishirini na minane; nusu ya wenye leseni mjini wamepita mikononi mwake, na Mkurugenzi mwenyewe ni mmojawapo. Alimfundisha kuachia klachi enzi zile akiwa kijana anayetoka jasho mpaka nyuma ya masikio. Sasa kijana huyo alikuwa amekaa nyuma ya meza, na Mwalimu amesimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mwalimu," akasema Mkurugenzi, "nimewauliza wanafunzi wako mmoja mmoja. Wananiambia una njia yako."

"Kila mwalimu ana njia yake."

"Njia yako ina vituo vitano. Posta mnajifunza kuegesha sambamba. Maktaba, kurudi nyuma. Uwanja wa mpira, kuondoka mlimani. Zahanati, sijui mnajifunza nini. Halafu njia panda. Kila siku, hamkosi. Na kila mkifika, wewe unashuka mbio."

 Hapo ndipo Mwalimu angesema, na maneno yenyewe hayakuwa mengi. Miezi mitano nyuma alikuwa akilazwa chini ya mashine ya mionzi, siku thelathini na tano, kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Kazini aliaga kwamba anatibiwa mgongo. Mionzi ilifanya kazi yake. Daktari alipopima damu alisema ugonjwa umekunja mkia. Ila kibofu nacho kilipata joto la jirani yake, na tangu hapo hakikuwa na subira tena. Zamani haja ndogo ilikuwa ikibisha hodi na kungoja mlangoni. Siku hizi ilivunja mlango. Ikisema sasa, ni sasa. Zikipita dakika mbili haimwombi mtu ruhusa. Akikohoa, kidogo kilitangulia. Akipiga chafya, vivyo hivyo. Na akicheka, jamani, akicheka ndiyo balaa kabisa. Mtu aliyesifika mji mzima kwa kucheka mpaka anashika ukuta, sasa alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kwa tahadhari.

Basi alichofanya ni kujichorea ramani kichwani. Vyoo vitano, kutoka kimoja hadi kingine si zaidi ya dakika kumi na mbili, na masomo yote ya udereva akayapanga humo. Njia ya mtihani ilipita kimoja tu, cha njia panda. Wanafunzi walishika alichowafundisha. Walishika mno.

Mkurugenzi hakungoja jibu. "Pale kituoni kuna mhudumu, dada mmoja mcheshi. Watu wana macho, Mwalimu. Unashuka, unamkimbilia, anakupa ufunguo, unazunguka nyuma ya jengo. Dakika tano baadaye unatoka unafunga mkanda wa suruali! Gari langu, petroli yangu, na mwanafunzi wa watu amekaa kwenye usukani anakusubiri!"

Mwalimu alitazama uso wa yule kijana aliyemfundisha klachi. Hasira ilikuwepo, hakuna ubishi. Lakini chini ya hasira palikuwa na kitu kingine ambacho Mwalimu hakuwa amekiona kwa mtu yeyote tangu avae gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Palikuwa na heshima. Miaka sitini na miwili, mzee huyu, na bado!

"Mkurugenzi," akasema, na ulimi ukamponyoka, "wewe ni mwanamume mwenzangu. Unaelewa."

Ole wake! Mkurugenzi akajikuna kidevu ili afiche tabasamu, kisha akakumbuka cheo chake.

"Mimi naelewa. Chuo hakielewi. Alhamisi Mama Keki anafanya mtihani, na ni mara yake ya tano. Kila harusi ya mji huu inakula keki yake. Akifeli kwa mambo yako, kila harusi itajua ni chuo gani kimemfelisha. Nitakaa kiti cha nyuma nione kwa macho yangu. Akisimama njia panda, wewe unaniachia funguo za gari na tunaagana."

Mwalimu alitoka ofisini akiwa na mambo mawili: hofu ya kupoteza kazi, na mwendo wa madaha kidogo. Madaha yalifika hadi mlango wa choo cha uani, yakaishia hapo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo ilikuwa karakana yake. Yeye ndiye mtu pekee aliyejua. Alikuwa amemshonea vitambaa saba kutokana na mataulo makuukuu, kila kimoja na mfuko wa kuingizia pedi, kila kimoja kimezungushiwa uzi mwekundu ili kisije kikaishia jikoni kufutia vyombo.

"Leo kuna mteja kanilipa bila kuomba nimpunguzie," akasema bila kuinua macho kwenye sindano.

"Si jambo jema hilo?"

"Mwanamke yule? Yule huomba apunguziwe hata kifungo. Leo kalipa yote, kanishika mkono, kaniambia, 'Mwenzangu, Mungu yupo.' Nikajua kuna msiba. Namuuliza nani kafa? Ananiambia hakuna aliyekufa, ila mumeo ana mtu kituo cha mafuta."

Cherehani ikanyamaza. Wakatazamana. Kisha mkewe akaangua kicheko, kicheko cha kuinama mpaka paji la uso likagusa gurudumu la cherehani.

"Wewe! Una mtu! Na huyo mtu unampata saa ngapi, kati ya choo na choo?"

"Usinichekeshe," akasema Mwalimu, magoti ameyabana. "Nakuomba, mama watoto, usinichekeshe."

"Mwambie na yeye asikuchekeshe, atakufukuza!"

Akafuta machozi kwa mkono wa gauni la mteja. Mwalimu akaona moyo wake unatulia. Akaona jambo limekwisha kwa mzaha, kama yalivyokwisha mambo mengi ya nyumba ile. Laiti angeishia hapo. Lakini mtu akisamehewa mapema huwa hajui kunyamaza.

"Hata Mkurugenzi kaamini," akasema. "Nikamwacha aamini hivyohivyo."

Kicheko kikakatika kama uzi.

"Umemwacha?"

"Nilimwambia... kwamba yeye ni mwanamume, anaelewa."

"Ngoja kwanza. Watu wanasema una hawara. Wewe unajua ni uongo. Mimi najua ni uongo. Ukaulizwa, ukakubali?"

"Sikukubali. Nilinyamaza kwa namna fulani."

"Ulinyamaza kwa kufurahi."

Na kweli, Mwalimu alikuwa amefurahi. Mkewe aliweka mkasi mezani taratibu sana, na mwenye mke anayejua mambo hujua kwamba mkasi ukiwekwa taratibu ni hatari kuliko ukitupwa.

"Siku thelathini na tano nimekupeleka hospitali. Mashuka nimefua mimi, hata dada yangu wa tumbo moja hajui. Uliniomba nikae kimya, nikakaa. Leo watu wananipa pole njiani. Pole ya nini? Mume wangu hajanikosea, na bado napewa pole! Umejisitiri, sawa, ni haki yako. Lakini umejisitiri kwa nguo yangu, na mimi umeniacha uchi."

"Sasa unataka nifanye nini? Nipande juu ya meza sokoni nitangaze kibofu changu?"

"Tangaza kibofu, tangaza figo, sijali. Ila mpaka useme, mimi sikushonei tena vitambaa wala sifui. Kamwambie huyo mhudumu wako wa mafuta akushonee."

Akakanyaga cherehani, na kwa siku hiyo hapakuwa na maneno mengine.

Zilibaki siku tatu. Mwalimu akaona hakuna haja ya kusema lolote kwa yeyote. Dawa ni kumfundisha Mama Keki apite njia panda bila kusimama. Mama Keki akifaulu, kazi itabaki, uvumi utachoka, na mke atapoa. Mpango mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa ndani ya suruali yake mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza aliamua kutokunywa maji kabisa. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemkanya wazi: usijikaushe, mkojo mzito unachoma; acha chai ya rangi na kahawa, kunywa maji kidogo kidogo, bana misuli ya chini kama mtu anayezuia haja, hesabu hadi kumi, achia, rudia. Na ukibanwa usikimbie hapohapo, ngoja dakika moja. Wiki ijayo ngoja mbili. Kibofu ni kama mtoto, kinafundishika. Muuguzi huyo alikuwa binti mdogo asiye na haya hata chembe. Katika yote hayo, Mwalimu alifuata mazoezi tu. Aliyafanya kwenye taa nyekundu.

"Mwalimu, nimekosea wapi?" Mama Keki akauliza walipokuwa wamesimama kwenye taa.

"Hujakosea."

"Mbona umekunja uso hivyo?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Saba... nane... Taa ni kijani, mama, tuondoke!"

Mama Keki alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye mikono imara ya mtu anayepiga mayai mia kwa siku, na alikuwa akiogopa mizunguko ya barabara kama watu wanavyoogopa mbwa. Uvumi wa kituo cha mafuta aliusikia kabla ya mtu yeyote, kwa sababu hakuna jiko la harusi lisilosikia, ila hakumuuliza Mwalimu neno. Kila walipofika chooni, yeye alivuta breki ya mkono, akasema kwa adabu, "Haya, Mwalimu, nenda, nakusubiri," na akatoa daftari lake la oda za keki.

Sasa walikaribia njia panda. "Mama, leo tunapita moja kwa moja."

"Moja kwa moja," akaitikia Mama Keki, na mkono wake wa kulia ukawasha indiketa.

"Zima indiketa."

"Nimezima." Mguu wake ukakanyaga breki. "Mwalimu, si mimi! Ni mguu!"

Walizunguka, wakarudi. Mara ya pili mguu ulitii. Mama Keki aliuma meno, akakaza macho mbele, gari likakipita kituo cha mafuta kwa mara ya kwanza katika historia ya masomo yao, naye akapiga kelele za furaha.

"Simama!" Mwalimu akafoka.

"Si umesema tupite?"

"Rudi! Rudi, mama, rudi nyuma!"

Mara ya tatu wote wawili walikuwa hawaelewani na miguu yao. Kufikia Jumatano jioni Mama Keki alikuwa na uwezo wa kupita bila kusimama mara mbili kati ya tano, na Mwalimu alikuwa amebakiwa na kitambaa kimoja kisafi. Mke wake alikiona kikining'inia peke yake kwenye kamba. Akapita kando yake akiwa na beseni la nguo za wateja.

Alhamisi saa tatu asubuhi waliingia garini watu wanne. Usukani aliushika Mama Keki. Pembeni yake alikaa mtahini, afande wa usalama barabarani, mwanamke wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Nyuma alikaa Mwalimu, na pembeni yake Mkurugenzi, kavaa tai.

Mama Keki aliendesha siku hiyo, nakwambia, kama aliyezaliwa na usukani. Mzunguko mkubwa aliuingia bila kusali. Mlimani gari halikurudi nyuma hata unene wa kidole. Afande akawa anaweka alama tu kwenye karatasi. Mkurugenzi akalegeza tai. Mwalimu peke yake ndiye hakuwa na raha: dakika ishirini zilikuwa zimepita tangu choo cha chuoni, na kwa sababu ya wasiwasi alikuwa amekunywa vikombe viwili vya chai ya rangi, kitu alichokatazwa na binti yule asiye na haya. Alibana. Akahesabu hadi kumi. Akaachia, akajuta kuachia, akabana tena.

Njia panda ikatokea mbele. Mama Keki akashika usukani kwa nguvu. Akakaza macho. Alikuwa anapita. Naapa alikuwa anapita! Ila kwenye kioo cha ndani aliuona uso wa Mwalimu, uso uleule wa kwenye taa nyekundu, na mwili ukashika njia iliyoijua. Indiketa. Kioo. Gia ya kurudi nyuma. Gari likaingia kwenye ile nafasi kati ya pipa na ukuta, likatulia. Breki ya mkono. Injini kimya.

"Haya, Mwalimu, nenda, nakusubiri," akasema Mama Keki, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkoba unatafuta daftari, ndipo akagundua alichofanya. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nani kakuamuru usimame?" afande akauliza.

Kabla hajajibiwa, mhudumu wa kituo akaja dirishani akiwa anauzungusha ufunguo, ambao ulifungwa kwenye kipande cha bomba la chuma ili mtu asiondoke nao. "Mwalimu, leo umechelewa! Nikasema labda umesafiri!"

"Umeona, Afande!" Mkurugenzi akaruka kwenye kiti. "Ndiyo hayo! Mambo yake na huyu dada! Chuo changu hakihusiki!"

"Mambo gani na mimi?" akauliza mhudumu.

"Nyamazeni wote," afande akasema. Akafungua kalamu. "Kama mwalimu anatumia masomo kwa mambo yake ya wanawake, naandika ripoti, na huyu mama amefeli. Mwalimu, ni kweli?"

"Afande, ni kosa langu mimi," Mama Keki akadakia. "Mwalimu hakunituma. Ni mimi nilichanganyikiwa. Niandike mimi."

Mwalimu akamtazama kisogo yule mama, mara ya tano hii anakuja mtihani, na bado anajitwika mzigo usio wake ili yeye asitiriwe. Nyumbani yuko mwanamke mwingine anayepewa pole na wateja. Na hapa dirishani wa tatu, ameshika ufunguo wa choo, hata hajui kwamba mji mzima umemwozesha. Wanawake watatu wazima wanambebea siri yenye ukubwa wa kibofu. Aibu ikampanda, na safari hii haikuwa ile aliyoizoea.

"Afande," akasema, "mimi sina mwanamke. Nina tezi dume. Nilikuwa na saratani, nikapigwa mionzi siku thelathini na tano. Saratani imenyamaza, kibofu ndicho kimeanza kusema. Nikibanwa sina dakika mbili. Huyu dada ananipa ufunguo wa choo, basi, hakuna kingine. Hawa wanafunzi wote waliofeli, nimewafundisha mimi njia yangu ya kwenda kukojoa, hawana kosa. Mke wangu ana mume mwaminifu, na yeyote anayesema vinginevyo ni mwongo, nikianza na mimi mwenyewe. Na sasa hivi, Afande, nimebakiwa na nusu dakika."

Hata mtu aliyekuwa anajaza upepo gari la jirani alisimama na mpira mkononi.

"Si uende basi!" afande akasema.

Mhudumu akamrushia ufunguo. Mwalimu akaudaka hewani, bomba likamgonga kifundo cha mkono, akakimbia.

Alifika. Mkojo karibu wote ulifika naye. Sehemu iliyotangulia ilipokelewa na kitambaa cha mwisho cha mkewe. Na kama ilivyo desturi ya ugonjwa ule wa kijinga, baada ya haraka yote hiyo maji yenyewe yakatoka kwa uvivu, kidogo, yakasimama, yakaendelea. Alisimama akiegemea ukuta kwa mkono mmoja. Aliona huzuni, maana sasa kazi ilikuwa imekwenda. Na aliona wepesi ambao hakuutegemea.

Alipotoka, Mkurugenzi alikuwa ametoka garini, anamngoja karibu na pipa.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata wa dawa."

Mkurugenzi akapumua kama mtu aliyefiwa na mtu wa mbali. "Na mgongo?"

"Mgongo mzima."

"Mwalimu, mimi ungeniambia..." akaanza, kisha akakumbuka namna alivyomsimamisha mbele ya meza, akaacha. Akamfungulia mlango wa gari. Hilo hakuwahi kulifanya kwa mtu.

Afande alikuwa anamalizia kuandika. "Kusimama bila kuagizwa, kosa dogo moja," akasoma kwa sauti. "Kuegesha kinyumenyume kati ya pipa na ukuta, alama zote. Miaka kumi na moja nipo kazini, sijaona mtu akiingia pale namna ile. Amefaulu. Wale watatu waje tena Jumatatu, ila uwaambie kituo kile kilikuwa chako, wao waende moja kwa moja."

Mama Keki akalia kwenye usukani mpaka honi nayo ikalia.

Waliporudi chuoni na wengine wakashuka, afande alibaki kwenye kiti anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Mwalimu. Hospitali gani?"

Mwalimu akamtajia, na siku ya kliniki.

"Mume wangu usiku anaamka mara sita," akasema afande, akitazama kioo cha mbele. "Nikimuuliza, ananiambia ni chai."

"Mwambie aende akapimwe. Damu tu, haichukui muda. Na mwambie kuna muuguzi pale binti mdogo hana haya kabisa. Asimwogope. Mimi nilimwogopa, nikapoteza miezi."

Afande akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akashuka.

"Nimesema," Mwalimu akatangaza alipoingia nyumbani mchana.

Mkewe alikuwa anapima pindo. "Umesema nini?"

"Si unajua."

"Sijui. Nisemee nisikie."

Akamsemea yote, tangu tezi dume hadi nusu dakika. Mkewe alisikiliza akiwa na pini tatu mdomoni.

"Wangapi wamesikia?" akauliza alipozitoa.

"Afande. Mkurugenzi. Mama Keki. Yule dada. Na fundi wa upepo."

"Watano. Na waliosikia una hawara ni wangapi?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Mji."

"Basi bado deni langu lipo." Akainuka, akafungua droo, akatoa vitambaa vitano vipya, vimeshonwa, vina uzi mwekundu. Kumbe siku zote hizo za mgomo alikuwa akishona. Akamwekea kifuani. "Hivi ni vyako. Mimi nataka kujifunza gari."

"Wewe? Lini ulitaka gari?"

"Leo. Na nataka njia ileile. Usiruke kituo hata kimoja."

Jumamosi asubuhi, wakati mji wote uko barabarani, gari la chuo lilitoka na kibao chake cha mwanafunzi juu ya paa, na mke wa Mwalimu kwenye usukani, kavaa gauni la njano alilolishona mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mwanawe wa kwanza. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Gari lilimzimikia mara nne kabla ya posta. Lakini kila kituo alishuka, akamwelekeza mumewe mlangoni, na alipokuwa akimngoja alisalimiana na kila aliyepita, kwa jina la kila mtoto na hali ya kila mgonjwa. Waliouliza kulikoni, aliwajibu bila kupunguza sauti. Maktaba, yule mteja wa pole alimkuta amesimama pale. Alipata maelezo kamili, akaambiwa na siku ya kliniki kwa ajili ya mume wake.

Njia panda walifika mwisho. Aliingiza gari kwa mkato, likachukua nafasi mbili na kuziba njia ya kwenda kwenye pampu. Mhudumu akaja na ufunguo, akasimama, akasitasita.

"Kumbe ndiye wewe mke mwenzangu!" akasema mke wa Mwalimu.

"Jamani mama, mimi nasingiziwa bure! Hata soda hajawahi kuninunulia!"

"Hanunui huyo. Mimi mwenyewe miaka thelathini na nne nangojea soda." Wakapigana viganja, wakacheka. Kisha akamgeukia mumewe, akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. "Haya, Mwalimu. Nenda. Nakusubiri."

Alikwenda akitembea. Alikuwa amengoja dakika mbili nzima, kama alivyofundishwa, na bado alikuwa mkavu. Ndani ya choo, akiwa amesimama anahesabu, alisikia honi nje. Mtu na lori lake anataka njia ya pampu. Honi ikalia mara ya pili, ndefu, ya matusi. Kisha akasikia sauti ya mkewe, ileile iliyomwambia dada yake wa tumbo moja kwamba hakuna tatizo lolote nyumbani, sasa inapaa juu ya kituo kizima:

"Unapiga honi ya nini? Subiri! Mume wangu yuko chooni!"

Watu wakacheka huko nje, na yeye akasikia mkewe anacheka nao. Mwalimu akashika ukuta. Akacheka na yeye, kile kicheko chake cha zamani, cha tumbo zima, cha miezi mitano iliyopotea, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuogopa kitu, maana kwa mara hiyo moja alikuwa yuko mahali panapostahili kabisa.